Rangi Inayowaka Palipo na Saratani

Daktari mpasuaji anapoondoa uvimbe wa saratani, kinachomtia wasiwasi si lile donge analoliona. Ni mabaki: vipunje visivyofika milimita moja, vilivyojibanza kwenye utando wa tumbo au ndani ya titi, vyenye rangi ileile ya nyama nzima. Vikisahaulika humo, huenda mgonjwa akapasuliwa tena, au ugonjwa ukamrudia.

Mwaka 2011, Yasuteru Urano wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Hisataka Kobayashi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, pamoja na wenzao, walieleza kemikali inayopuliziwa moja kwa moja juu ya nyama inayoshukiwa. Kwa panya waliopandikizwa saratani ya ovari, vipunje vilianza kung'aa kijani kwa muda wa kama dakika moja tu.

Siri yake ni kimeng'enya kiitwacho GGT, ambacho seli nyingi za saratani hukibeba kwa wingi juu ya utando wake. Kazi yake ni kukata glutamati. Basi wanakemia walichukua rangi ya jamii ya rodamini, wakaibandika glutamati. Ikiwa imebandikwa, molekuli hujifunga pete na kukosa rangi kabisa. GGT ikiikata, pete hufunguka, na molekuli hung'aa inapomulikwa kwa mwanga wa buluu.

Kwangu mimi, ufundi mkubwa uko katika kuizima rangi hiyo. Rangi zing'aazo zimejulikana tangu karne ya 19. Lakini hii ikivujisha mwanga kidogo tu kabla ya kukatwa, tumbo zima litang'aa na daktari hatajua akate wapi.

Hata hivyo GGT haitoshi. Figo yenye afya imejaa GGT, na baadhi ya saratani zina kidogo mno. Rangi nyingine iitwayo Lumisight, iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2024 kwa upasuaji wa saratani ya matiti, hutegemea vimeng'enya vingine, hasa kathepsini. Hudungwa kwenye mshipa saa 2 hadi 6 kabla ya picha, nayo hubeba onyo kali, kwani wagonjwa wachache walipatwa na mzio wa hatari. Katika jaribio lake, wagonjwa 27 kati ya 357 waligunduliwa kuwa na mabaki ya saratani baada ya upasuaji wa kawaida kumalizika. Kwa hao 27, mwanga huo ulikuwa na thamani kubwa.

Kundi la Tokyo nalo limeunda mamia ya rangi za aina hii, na huzijaribu juu ya vipande vibichi vilivyotoka chumba cha upasuaji. Kwa saratani ya umio, iliyoitikia vizuri ilikuwa ile inayokatwa na kimeng'enya kingine kabisa, DPP-4.