Serikali Hupimwa kwa Kazi Yake, Wala Si kwa Jina Lake

Watu wazungumzapo habari za serikali za dunia, aghalabu jambo la kwanza kuulizwa ni jina. Je, nchi ile ni ufalme au ni jamhuri? Ina chama kimoja au vyama vingi? Maswali hayo yana maana yake, lakini hayatoshi. Mwenye busara anunuapo gunia la mahindi sokoni hatosheki na maandishi yaliyo juu ya gunia. Hutia mkono ndani, akatoa punje kiganjani, akatazama kama ni kavu au zimeingia fukusi. Serikali nayo yataka kupimwa hivyo.

Norway, Sweden na Denmark ni falme. Hata hivyo, katika nchi hizo mfalme hatungi sheria kwa mapenzi yake. Wananchi huchagua bunge, na serikali ikishindwa katika uchaguzi hutoka. Korea ya Kaskazini, kwa upande wake, yajiita jamhuri ya kidemokrasi ya watu. Lakini tangu jamhuri hiyo ilipoundwa mwaka 1948, uongozi wake ulikuwa kwa Kim Il Sung, ukaenda kwa mwanawe mwaka 1994, kisha kwa mjukuu wake mwaka 2011. Zile zenye jina la ufalme zatawaliwa kwa hiari ya wananchi, na ile yenye jina la watu yarithiwa kama shamba.

MASWALI MANNE

Ikiwa jina halitoshi, basi mtu atapimaje? Yako maswali manne ambayo kila mtu aweza kuyauliza, awe mkulima au karani, pasipo elimu kubwa ya siasa.

La kwanza: Je, mwenye madaraka naye yu chini ya sheria, au sheria ni ya kuwabana wadogo tu?

La pili: Je, fedha za watu zajulikana zilivyoingia na zilivyotoka?

La tatu: Je, kilio cha mtu mdogo chafika juu, na kikifika chashughulikiwa?

La nne: Je, watu waweza kuwaondoa watawala wao bila kumwaga damu?

Ili maswali haya yasibaki maneno matupu, inafaa kuzitazama nchi mbili za Afrika. Zote mbili zilipata uhuru katika miaka ya 1960, zote mbili ziliitwa jamhuri, na zote mbili zilikuwa na mali nyingi chini ya ardhi.

ALMASI ZA BOTSWANA

Botswana, ambayo zamani iliitwa Bechuanaland, ilipata uhuru tarehe 30 Septemba, 1966. Ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Waingereza walikuwa wakiitawala kutoka Mafeking, mji ulio nje ya mipaka yake, na barabara zake za lami zilikuwa kilomita 12 hivi tu. Mwaka uliofuata almasi nyingi zikavumbuliwa huko Orapa.

Orapa imo katika nchi ya Bangwato, nalo ndilo kabila ambalo Rais Seretse Khama alizaliwa awe mkuu wake. Lakini kwa sheria ya madini ya mwaka 1967, haki ya madini ilitoka katika mikono ya makabila ikawekwa katika mikono ya taifa zima. Kwa hiyo kabila la Rais halikujitwalia hazina ile. Mwaka 1975 serikali ikapata nusu ya hisa za kampuni ya kuchimba almasi, na mapato yakatumiwa kufuata mipango ya maendeleo iliyopitishwa na Bunge. Barabara, shule, zahanati na visima vikajengwa.

Tena, desturi ya zamani ya kgotla haikutupwa. Hilo ni baraza la kijiji ambapo mkuu huketi na kusikiliza, na kila mtu aweza kusema. Mawaziri na watumishi wa serikali nao walikwenda katika mabaraza hayo kueleza mambo yao na kuulizwa maswali.

Faida yake ilionekana siku ya taabu. Kuanzia mwaka 1982 ukame mkali uliipiga Botswana kwa miaka kadhaa. Mazao yaliharibika, na ng'ombe wengi wakafa. Lakini habari za upungufu zilifika mapema. Serikali iligawa chakula kwa watoto shuleni na katika zahanati, na watu wazima wakapewa kazi za umma kwa ujira. Shida ilikuwa kubwa, lakini nchi haikuzika watu wengi kwa njaa. Mvua haikujali mfumo wa serikali. Chakula ndicho kilichofika au kutofika kwa sababu ya serikali.

SHABA YA ZAIRE

Nchi ya Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Jenerali Mobutu alitwaa madaraka mwezi wa Novemba, 1965, na mwaka 1971 akaibadili jina ikawa Zaire. Shaba ya Katanga, karibu na Lubumbashi na Kolwezi ambako Kiswahili husemwa na wengi, ilikuwa mali kubwa kupita almasi zilizokuwa zikivumbuliwa Botswana.

Mwanzo wake haukuwa mbaya wote. Mwaka 1967 ilitolewa fedha mpya, na kwa miaka michache bei ya shaba ilikuwa nzuri. Wageni wengi wakamsifu mtawala yule kwamba ameleta utulivu. Lakini mwaka 1967 huohuo kiliundwa chama chake, ambacho baadaye kikawa chama pekee, na katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1970 mgombea alikuwa yeye peke yake. Hapakuwa tena na mtu wa kumwuliza hesabu.

Mwezi wa Novemba, 1973, mashamba na maduka ya wageni yalitwaliwa, na mengi yakapewa wakubwa na rafiki zao. Wengi wao hawakujua kuyaendesha, au hawakujali. Bidhaa zikaisha madukani. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1974 na 1975, nchi ikatumbukia katika madeni. Huku hayo yakitendeka, katika kijiji cha Gbadolite msituni yalijengwa majumba ya kifahari ya mtawala, pamoja na kiwanja cha ndege kirefu hata kuweza kupokea ndege ya Concorde.

Kampuni ya serikali ya kuchimba shaba ilinyang'anywa mapato yake bila mashine kutengenezwa. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mwezi wa Septemba, 1991, askari wasiolipwa vizuri walipora mji wa Kinshasa, na mwaka 1993 wakapora tena, baada ya kulipwa kwa noti ambazo wenye maduka walizikataa. Walimu na waganga walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwishowe, mwezi wa Mei, 1997, Mobutu aliondolewa kwa vita, na vita hivyo vikazaa vingine.

KUPIMA BILA KUPENDELEA

Isidhaniwe kwamba Botswana ni nchi isiyo na doa. Imetegemea mno almasi, na vijana wengi hukosa kazi. Mwaka 1992 Makamu wa Rais alijiuzulu baada ya tume kutoa taarifa juu ya ugawaji wa ardhi karibu na mji mkuu. Tena Basarwa, watu wa kale wa Kalahari, waliondolewa katika nchi yao ya kuwindia.

Lakini hapa ndipo kipimo kinapoonyesha kazi yake. Ile taarifa ya ardhi haikufichwa, na mwaka 1994 kikaundwa chombo maalumu cha kupigana na rushwa. Basarwa nao walikwenda mahakamani wakaishtaki serikali, na mwezi wa Desemba, 2006, Mahakama Kuu ikatoa hukumu kwamba kuwaondoa kwa namna ile kulikuwa kinyume cha sheria. Katika uchaguzi wa mwezi wa Oktoba, 2024, chama kilichokuwa kimetawala kwa miaka 58 kilishindwa, kikapata viti 4 tu vya kuchaguliwa kati ya 61. Rais Masisi alikubali kushindwa, na Bwana Duma Boko akaapishwa. Hakuna aliyekimbia nchi.

Kwa hiyo serikali njema si ile isiyokosea. Ni ile ambayo kosa lake laweza kuonekana, kusemwa na kusahihishwa kabla halijawa msiba. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Zaire nyufa zilikuwa nyingi, na aliyezionyesha alijitia hatarini.

Wako wasemao kwamba kiongozi mmoja mwenye nguvu hutosha, ilimradi ni mwema, nao huitaja Singapore, ambayo imeongozwa na chama kimoja tangu mwaka 1959 na imesifika kwa usafi wa watumishi wake. Ni kweli kwamba wingi wa vyama peke yake hauleti utawala mwema. Ziko nchi zenye vyama kumi na hospitali zisizo na dawa. Lakini hata Singapore haikutegemea wema mtupu. Ofisi yake ya kuchunguza rushwa iliundwa mwaka 1952, na mawaziri wenyewe wamechunguzwa na kufikishwa mahakamani. Wema wa mtu mmoja ni bahati njema. Tena mtu huzeeka, na huweza kubadilika. Mobutu wa mwaka 1967 alisifiwa. Aliyemsifu wakati ule angeuliza kwanza ni nani atakayemzuia akiharibika, asingeshangaa baadaye.

KAZI YA MWANANCHI

Maswali haya manne si ya kuuliza juu ya nchi za mbali tu. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, nayo yaamuru kwamba mambo ya fedha za umma yafanywe kwa uwazi na kwa kushirikisha watu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hupaswa kutoa taarifa zake katika muda wa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni, na taarifa hizo hugusa serikali kuu na serikali za kaunti pia.

Lakini haki iliyoandikwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani, halilimi lenyewe. Zahanati ikikosa dawa, wananchi wana haki ya kuuliza ni fedha kiasi gani zilizotengwa, zililipwa kwa nani, na dawa ziko wapi. Wakijibiwa kwa hesabu, hiyo ni dalili njema. Wakijibiwa kwa hasira, au kwa kukumbushwa kabila la kiongozi na jina la chama chake, basi wametia mkono katika gunia, nao wameyaona mahindi yalivyo.