Python inagoma? Kila kazi na sanduku yake ya vyombo

Mu mukutano na wakubwa wa kampuni, karatasi njo silaha. Wao wanakuja na michoro ya rangi: vumbi imepunguka, maji ya mutoni haina shida, saa za ziada zimelipwa zote. Delege wa sendika mwenye hana hesabu yake mwenyewe atafanya nini? Atasikiliza, atatia sahihi, na kesho asubuhi wenzake watamuuliza: "Tulikutuma kule kwenda kusinzia?"

Juu ya ile, kazi ya kuhesabu haiwezi kubakia ya ba enjenieri peke yao. Vipimo vya vumbi yenye kuharibu mapafu, fishi za mushahara, picha za mito yenye kupita karibu na takataka za mine: vyote hivi mutu anaweza kuvipanga mu ordinatere ya kawaida, pasipo kununua programu ya bei kali. Watoto wetu wenye wanasoma jeolojia, kemia ao metalurjia ku Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaweza kutusaidia. Chombo chenye watu wengi wa sayansi wanatumia leo kinaitwa Python.

Python ni luga ya kuandikia programu. Muholanzi Guido van Rossum aliitoa mu mwaka 1991, na mpaka leo haiuzwe. Juu yake watu wamejenga maktaba, ni kusema makundi ya programu zenye zimekwisha kuandikwa, zenye unachukua tu. NumPy inahesabu namba nyingi kwa mara moja. Pandas inapanga tabla kama ile ya mishahara. Matplotlib inachora. Rasterio inafungua picha za satelite, kwa mufano zile za Sentinel-2, zenye Ulaya inatoa bure na zenye nukta ndogo zaidi inafunika metre 10 kwa 10.

Vyote ni bure, lakini siku ya kuviweka mu ordinatere, wengi wanakwama. Ekra inajaa maandishi mekundu. Mutu anaachana na kazi, ao analipa fundi afute ordinatere yote, na memware ya mwaka muzima inapotea. Hata hivyo, mara nyingi ile ordinatere haikuwa na ugonjwa wowote. Python ilikuwa inagoma tu. Na sisi wa sendika tunajua: mugomo haikosi sababu. Mbele ya kupiga, uliza kwanza wanadai nini.

Ugomvi inatoka wapi

Fundi wa ku atelie anajua hii jambo kuliko profesere. Pompi mbili zinaweza kufanana kwa macho, lakini bulo ya moja haiingie ku ingine. Ukiilazimisha, utaharibu yote mbili.

Maktaba za Python ziko vile vile. Kila moja iko na toleo, ni kusema namba ya kuonyesha ilitoka wakati gani na imebadilika namna gani. Mu mwezi wa 6 wa mwaka 2024, NumPy ilitoka mu toleo 2.0. Watengenezaji walibadilisha mambo ya ndani, na programu nyingi zenye zilijengwa juu ya NumPy 1 zikashindwa kufanya kazi juu ya NumPy 2. Pandas ilianza kukubaliana na ile NumPy mupya mu toleo lake 2.2.2. Mwenye alikuwa na pandas ya zamani, kisha akaleta NumPy mupya pasipo kuangalia, aliona kazi inasimama ghafula.

Sasa tuseme nyumba moja iko na ordinatere moja. Baba ni delege, anaitumia kwa tabla ya vumbi yenye mutu alimutengenezea mu mwaka 2022. Binti anaandika memware juu ya maji ya mutoni, na mwalimu wake anataka maktaba za leo. Binti anaandika amri ya kuleta vitu vipya. Kazi yake inatembea muzuri. Kesho yake baba anafungua tabla ya vumbi: imekufa. Hapa hakuna mwenye kosa. Shida ni kwamba kazi mbili zilikuwa zinakula mu sahani moja.

Maswali ine mbele ya kugusa kitu

La kwanza: ni Python gani inanijibu? Ordinatere moja inaweza kuwa na Python mbili ao tatu, na wewe unaweka maktaba mu moja, kiisha unafungua kazi mu ingine. Ekra inaandika "No module named numpy", ni kusema haioni NumPy, wakati wewe umeiweka sasa hivi. Mu Windows, ndani ya dirisha nyeusi ya amri, andika:

py -0
where python

Mu Linux, andika:

which -a python3

Utaona zote. Tangu hapo usiandike "pip install" peke yake. Pip njo programu yenye inaleta maktaba, lakini inaweza kuwa ya Python ingine. Andika "python -m pip install". Hivi maktaba itaingia mu Python ile ile yenye unaita.

La pili: toleo la Python linakubaliana na maktaba? NumPy 1.26, ya mwisho mu ukoo wa 1, ilitayarishwa kwa Python 3.9 mpaka 3.12. Ukiiomba ndani ya Python 3.13, pip haitapata pakiti yenye iko tayari. Itajaribu kuijenga yenyewe toka mwanzo, itatafuta vyombo vya kujengea vyenye hauna, na utapata kurasa mbili za makosa. Dawa haiko kuangaisha zile kurasa. Dawa ni kuchukua Python 3.12 kwa ile kazi. Tena, ordinatere za zamani zenye Windows ya 32 bit zinakosa pakiti nyingi, juu siku hizi karibu zote zinatengenezwa kwa 64 bit.

La tatu: maktaba zenyewe zinasikilizana? Andika:

python -m pip check

Amri hii inataja kila maktaba yenye inadai toleo lenye halipo. Ni kama orodha ya madai ya wagomaji. Isome polepole.

La ine: jina la fishie yako ni gani? Mwanafunzi anaandika zoezi yake ya kwanza, anaiita numpy.py. Python inaangalia kwanza mu dosie yenye uko, inakuta ile fishie, inadhani njo NumPy, na yote inaharibika. Badilisha jina, ugonjwa umeisha. Usipoteze mega hata moja.

Kutenga sanduku

Tangu Python 3.3, ya mwaka 2012, chombo cha kutenganisha kazi kiko ndani ya Python yenyewe. Kinaitwa venv. Kinatengeneza dosie yenye maktaba zake peke yake, kama sanduku ya vyombo yenye kufuri. Kwa kazi ya vumbi, mu Windows:

py -3.12 -m venv vumbi
vumbi\Scripts\activate
python -m pip install "numpy<2" pandas matplotlib

Mu Linux, wa kwanza ni "python3 -m venv vumbi", na wa pili ni "source vumbi/bin/activate". Ile "numpy<2" maana yake: niletee NumPy, lakini usifike ku 2. Wakati sanduku iko wazi, jina lake linaonekana mbele ya mustari. Kuifunga, andika "deactivate". Kwa memware ya binti, tengeneza sanduku ya pili, uiite mutoni. Baba na binti hawatagombana tena.

Angalia vile tumeomba maktaba tatu mu mustari moja. Tangu toleo 20.3, lenye lilitoka ku mwisho wa mwaka 2020, pip inatafuta matoleo yenye yanakubaliana yote pamoja. Ukileta moja leo na ingine kesho, ile ya kesho inaweza kubadilisha ya leo, na pip itakuachia onyo ndogo tu, yenye watu hawasome.

Wengine wanatumia Jupiter, ile daftari yenye kufunguka mu navigatere. Inaandikwa Jupyter, na inaweza kuwa mu Python ya nje wakati wewe unazani uko ndani ya sanduku. Ndani ya daftari andika:

import sys
print(sys.executable)

Kama njia yenye inatoka haina jina la sanduku yako, umepata adui.

Wakati pip haitoshe

Kuna maktaba zenye zinategemea vitu vyenye haviko Python. GDAL, yenye kufanya kazi ya karte na picha za satelite, ni moja yao. Ukiiomba kwa pip, inataka GDAL ingine, ile ya mashini yenyewe, ikuwe tayari na ya toleo moja nayo. Watu wengi wanakwama hapo. Kwa wengi dawa ni rasterio, juu pakiti zake za pip zinakuja na GDAL ndani.

Dawa ingine ni conda, yenye inaleta Python pamoja na vile vyombo vya chini. Chukua Miniforge, yenye inashusha toka ku conda-forge, bure. Kama unaiweka ku kampuni kubwa, ujue kama stoki ya Anaconda yenyewe iko na masharti ya malipo. Na ukiisha kuchagua conda, leta kwanza vyote kwa conda, kisha ku mwisho kabisa kile kimoja chenye kimekosekana kwa pip. Kuchanganya huku na kule njo kunaleta ugomvi mupya.

Mega na kle USB

Sanduku moja ya sayansi inaweza kula mamia ya mega. Kwa familia yenye kununua mega kwa siku, kurudilia mara tatu ni chakula cha watoto. Basi mwenye iko na intaneti muzuri ashushe mara moja kwa wote:

python -m pip download -d pakiti "numpy<2" pandas matplotlib

Weka dosie ya pakiti mu kle USB. Ku ordinatere ingine, ndani ya sanduku yake, andika:

python -m pip install --no-index --find-links=pakiti "numpy<2" pandas matplotlib

Hapo hakuna hata mega moja inatoka. Sharti ni moja: zile ordinatere mbili zikuwe na Windows ao Linux moja, na toleo moja la Python. Lakini usikopie sanduku ya venv yenyewe. Ndani yake imeandikwa njia za ordinatere ya kwanza, na ku ya pili itapotea. Kopia pakiti na orodha, kiisha jenga sanduku mupya.

Shauri za kukataa

Mu Debian 12 na Ubuntu za karibuni, pip inakataa kuingiza maktaba mu Python ya sisteme, inaandika "externally-managed-environment". Watu watakuambia ongeza neno la kuvunja ile kufuri, ao utumie sudo. Kataa. Ile Python inatumikia Linux yenyewe, ukiiharibu, ordinatere yote inaweza kuyumba. Tengeneza venv. Vilevile, kama sanduku imeharibika, usiformate ordinatere. Futa dosie ya sanduku tu, uijenge upya. Fishie zako za kazi ziweke inje ya sanduku, hazitaguswa.

Orodha njo ushahidi

Siku kazi inatembea muzuri, usilale mbele ya kuandika hii:

python -m pip freeze > orodha.txt

Ile fishie ndogo inataja kila maktaba na toleo lake. Kwa kuijenga sanduku tena, utaandika "python -m pip install -r orodha.txt". Weka orodha pamoja na vipimo vyenyewe, na uandike pia toleo la Python. Toa kopi moja kwa mwenzako wa komite, ingine mu kle USB.

Hii haiko jambo ya ordinatere tu. Delege anaweza kubadilishwa, kijana mwenye alitusaidia anaweza kupata kazi mbali, ordinatere inaweza kuibiwa. Na mukubwa wa kampuni anaweza kusema mbele ya wote: "Hesabu yenu ni ya uongo." Kama komite iko na vipimo, programu na orodha, mutu mwingine anaweza kuketi mbele ya mashini ingine, ajenge sanduku, arudilie hesabu, na namba ile ile itatoka. Ba enjenieri wao wenyewe wanaweza kujaribu. Namba yenye kila mutu anaweza kuirudilia ni nguvu ku meza ya mazungumuzo kuliko namba yenye ilitoka mara moja mu ordinatere ya mutu mumoja.

Basi ba kamarade, na ninyi ba mama wenye kulipa masomo: mutoto akisema Python imegoma, musikimbilie kununua ordinatere ingine. Mumuulize maswali ine, na mumuombe awaonyeshe orodha.