Vijia vya baiskeli milimani: kinachofaa Gusii na kinachobomoa

Ukisimama juu ya ukingo wa Manga asubuhi ambapo anga ni safi, utaona migomba na mahindi yakishuka hadi bondeni na, mbali kabisa, mng'ao wa Ziwa Victoria. Ukitazama miguuni utaona jambo jingine. Kijia kilichokuwa bapa miaka michache iliyopita kimechimbika katikati kama mfereji, mizizi ya mikaratusi iko nje, na wapitao wameanza kukanyaga pembeni, ndani ya shamba la mtu.

Mandhari ya mbali ndiyo inayowavutia waendeshaji baiskeli za milimani, zile zenye tairi pana zenye meno na gia nyingi. Hatima yao hapa, na ya mashamba yaliyo chini ya mlima, itategemea hicho kijia kilicho miguuni.

Mchezo wenyewe si mgeni tena katika ukanda huu. Mbio za baiskeli za milimani ziliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, kule Atlanta. Nchini Kenya, Hell's Gate, hifadhi ya taifa karibu na Naivasha tangu 1984, ni mojawapo ya mbuga chache ambamo mgeni huruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Msitu wa Karura jijini Nairobi nao una njia za waendeshaji. Septemba 2025, jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na milima ya Rwanda ikawatoa jasho mabingwa. Wengi waliotazama wakiwa Gusii walijiuliza swali moja: kwani sisi hatuna milima?

Tunayo. Sameta, Kiabonyoru, Manga na vilima vingi visivyo na jina nje ya kata yake. Lakini Hell's Gate na Karura zina kitu ambacho Gusii haina, nacho ni nafasi. Kwa hesabu ya sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 670. Hakuna kilima cha kufyekwa kwa ajili ya wageni. Njia zilizopo tayari zina wenyewe: mama anayebeba majani chai kwenda kituo cha kununulia, mwanafunzi anayewahi darasa, ng'ombe anayeteremka mtoni. Kwa hiyo njia ya baiskeli hapa karibu kila mara itakuwa kijia cha zamani kilichotengenezwa vizuri zaidi, wala si kitu kipya. Na kikitengenezwa vizuri, anayefaidika kwanza ni yule mama.

Kutengeneza vizuri maana yake ni kushughulikia maji. Udongo mwekundu wa milima yetu ni wenye rutuba na kina kirefu, na mvua ya mwaka katika sehemu nyingi hupita milimita 1,500, nzito zaidi kati ya Machi na Mei. Kijia kinachoshuka moja kwa moja kutoka kileleni hadi bondeni ni mfereji unaosubiri mvua. Maji huingia juu, hupata mwendo, huchukua udongo, na baada ya misimu michache pana korongo. Tairi halianzishi tatizo hilo peke yake. Nyayo na kwato huanzisha pia, ila tairi linalovutwa kwa breki hukwangua mstari mmoja mrefu ambao maji hupenda kuufuata.

Wajenzi wa njia za milimani duniani hutumia kanuni mbili ambazo mkulima wa hapa atazielewa mara moja. Ya kwanza: mwinuko wa kijia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima kinapopita. Mahali ambapo mlima unapanda mita 16 katika kila mita 100, kijia kisipande zaidi ya mita 8. Kikizidi hapo, maji huacha kuvuka kijia na kuanza kukifuata. Ya pili: kwa wastani wa safari nzima, mwinuko usizidi mita 10 kwa kila mita 100. Hii ina maana kwamba kupanda kimo cha mita 200 kunahitaji kijia cha kilomita 2, kikizunguka mlima badala ya kuukabili kifua kwa kifua.

Ni hesabu ileile ya kulima kwa kufuata kontua na kuchimba matuta ya fanya juu. Kijia huinamishwa kidogo upande wa bonde ili maji yavuke na kutawanyika kwenye nyasi. Kila baada ya hatua kadhaa huwekwa bonde dogo la kuyatoa maji yaliyokusanyika, na mdomo wake haupaswi kuelekezwa kwenye boma la mtu au juu ya chemchemi. Kazi hii haihitaji tingatinga. Jembe, sururu, kamba, na mtu mwenye jicho la kontua vinatosha. Wazee waliowahi kupima matuta katika mashamba yao wanaweza kuwafundisha vijana kwa siku moja.

Kwa mwendeshaji, sheria za adabu ni chache. Udongo ukiwa umelowa hata tairi linaacha alama ya kina, geuka, rudi kesho. Usifunge breki ya nyuma ukateleza. Anayepanda kwa miguu na mzigo mgongoni ana haki ya njia, hata kama wewe ndiye unayepima muda wako kwa saa. Shuka kwenye baiskeli penye ng'ombe. Vaa kofia ngumu, maana mteremko wenye mawe hausamehi.

Suala la ardhi ndilo linalohitaji subira zaidi. Vijia vingi hupita ndani ya mashamba yenye hati, kwa hisani ya mwenye shamba tu. Hisani hiyo hudumu wapitapo majirani. Wakianza kupita wageni ishirini kila Jumamosi, si ajabu siku moja ukakuta nyasi ya Napier imepandwa katikati ya njia, na mwenye shamba hana kosa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatoa nafasi kwa mwenye ardhi kukubali haki ya kupita kwa maandishi, na haki hiyo ikasajiliwa. Kikundi cha vijana kinachotaka kufungua njia kianze hapo, kabla ya kununua hata baiskeli moja. Familia nzima ihusishwe, kwa kuwa ardhi nyingi bado iko kwa jina la babu.

Ndani ya misitu ya umma, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 ndiyo inayotawala. Kukata njia au kung'oa miti bila kibali ni kosa. Vilevile hairuhusiwi kuwa msituni kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi bila ruhusa, isipokuwa unapita kwenye barabara au njia inayotambuliwa. Mbio za usiku kwa taa, ambazo baadhi ya vijana huzitamani, zinahitaji ruhusa kwanza.

Manga ina ugumu wake wa pekee. Ukingo huo uko mpakani mwa Kisii na Nyamira, na njia yoyote ya maana itavuka mpaka. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja kwa kazi za namna hii. Huko huko ndiko iliko Ngoro ya Mwaga, mahali panapoheshimiwa katika simulizi za Abagusii. Pale baiskeli zisipite. Pawe na sehemu ya kuziacha mbali, na mgeni amalizie kwa miguu akiwa na mwenyeji wa kumsimulia.

Je, kuna pesa? Kiasi, na si pale wengi wanapodhani. Mgeni anayekuja asubuhi na kurudi jioni huacha bei ya chai na ndizi. Anayelala huacha zaidi. Njia inayotoka mjini Kisii hadi Tabaka, kwa wachonga mawe ya sabuni, ina sababu ya kumfanya alale, kwani huko kuna cha kutazama na cha kununua. Fundi wa baiskeli mwenye vipuri na kijana anayejua vijia vyote watapata kazi ya kudumu kuliko mkata tiketi langoni.

Utalii wa ndani, barabara za kaunti na uhifadhi wa udongo ni majukumu ya serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na maoni ya wananchi hukusanywa kabla ya hapo. Anayetaka kijia cha kijiji chake kitengenezwe, au anayepinga kipite shambani mwake, aandike jina la kijia, kinakoanza na kinakoishia, mashamba kinayopitia na mahali maji yanapokibomoa, kisha apeleke maandishi hayo kwa msimamizi wa wadi yake.