Fedha ya Shule ni Amana: Ushauri kwa Waamini wa Kilosa na Mikumi



Shule iliyojengwa kwa michango ya waamini ina wenyewe wengi, na kila mmoja wao ana haki ya kuuliza mchango wake umefanya nini. Swali hilo likikosa jibu parokiani, huhamia sokoni na vijiweni, na huko hujibiwa na wasiojua. Kwa sababu hiyo, hesabu za shule na jina lake jema ni jambo moja.

Mtume Paulo alilijua hilo. Alipokusanya msaada kwa ajili ya Wakristo wa Yerusalemu, hakuushughulikia peke yake. Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, unatueleza kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu walioaminiwa na makanisa, ili lawama isipate mlango. Paulo hakuwa na shaka na uaminifu wake, alitaka uonekane.

Jaribu kubwa hutujia mwezi ambao ada hazijaingia. Walimu wanasubiri mshahara, na benki kuna fedha iliyochangwa kwa ajili ya madawati. Ni rahisi kusema: tuazime, tutarudisha. Kanuni ya 1267 ya Sheria za Kanisa inaagiza kwamba kilichotolewa kwa kusudi maalumu kitumike kwa kusudi hilo tu. Basi tuwaendee waliotoa, tuwaeleze upungufu na kuomba ridhaa yao kabla shilingi moja haijahama. Wakikataa, madawati yabaki madawati. Vivyo hivyo, makato ya walimu ya NSSF si akiba ya shule. Ni uzee wa mwalimu.

Upungufu wenyewe tunaweza kuuona mapema. Shule hufunguliwa Januari, wakati ghala la mkulima wa Kilosa limekaribia kuwa tupu. Fedha yake huja baada ya mavuno. Mwenzake wa Mikumi, anayefanya biashara kando ya barabara kuu iendayo Zambia, hupata kidogo kidogo kila siku. Awamu za ada zifuate vipato hivi viwili, na makubaliano yaandikwe. Tena, sisi tunaojua mafuriko ya Mto Mkondoa tusipange bajeti isiyo na akiba ya dharura.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Akaunti iwe kwa jina la shule, isiwe ya mtu binafsi, na asiwepo anayeweza kutoa fedha kwa saini yake pekee. Anayenunua asiwe ndiye anayetunza fedha. Kila mchango upewe stakabadhi, hata ukiwa mdogo. Na kwa kuwa Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi kuwapa waamini hesabu ya walichotoa, taarifa isomwe hadi katika Jumuiya Ndogo Ndogo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na deni lililopo.

Kuhusu sifa, Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule zilizoongoza kitaifa. Nasi tusitafute jina kwa kumwondoa mwanafunzi dhaifu kabla ya mtihani. Wala mtoto asisimamishwe mbele ya wenzake kwa sababu ya ada: deni ni la mzazi, aibu isiwe ya mtoto. Mzazi aitwe faraghani, asikilizwe.

Kosa likitokea, tuwe wa kwanza kulisema, pamoja na kiasi kilichopotea na hatua zilizochukuliwa. Ukweli utaumiza kwa kikao kimoja. Kosa lililofichwa hufunga mifuko ya waamini kwa miaka.

Ndugu waamini, katika kikao kijacho cha shule tuombe kuliona daftari. Anayelitunza vema atafurahi kuulizwa.