Kiti cha kazi nyumbani: Pima goti kabla ya kuuliza bei

Katika nyumba nyingi za Kileo, wilayani Mwanga, ofisi haina chumba chake. Vyombo vya chakula cha jioni vikishaondolewa, meza ileile inakuwa ya mwalimu anayesahihisha madaftari, ya mweka hazina wa kikoba anayelinganisha hesabu na ya mtoto wa darasa la saba anayejiandaa na mtihani. Anayekosa nafasi mezani huhamia kwenye kochi na kompyuta mpakato mapajani, au huinamia stuli hadi usiku wa manane.

Asubuhi kiuno kinauma na shingo imekaza. Lawama huangukia godoro, baridi au umri. Ni wachache wanaokumbuka kukitazama kiti walichokalia saa nne mfululizo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba idadi hiyo inaweza kufika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna tatizo jingine linalowafanya watu wengi zaidi washindwe kufanya shughuli zao. Chanzo si kimoja. Kubeba mizigo mizito, kulima kwa kuinama, uzito mkubwa na msongo wa mawazo vyote huchangia. Kukaa muda mrefu katika mkao mbaya nako kumo, na hili ndilo familia inaweza kulirekebisha kwa gharama ndogo.

Kosa la kwanza hufanyika wakati wa kununua. Mnunuzi hutazama rangi, unene wa mto na bei, kisha hupakia kiti kwenye bodaboda. Kiti hakina ubora wake peke yake. Kinachomfaa baba mrefu kinaweza kumuumiza mama mfupi. Mkazi wa Kileo ana nafasi nzuri hapa, kwa sababu fundi seremala anaweza kumkatia mbao kwa vipimo vya mwili wake. Shida ni kwamba wateja wengi huagiza bila vipimo hivyo.

Vipimo vitatu vya kumpelekea fundi

Cha kwanza ni urefu wa kiti. Kaa nyayo zote zikiwa sakafuni, ukiwa umevaa ndala au viatu unavyovaa ukifanya kazi. Mtu mwingine apime kwa futi kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Hapo ndipo kikalio kiishie. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimita 38 na 48. Kiti kikizidi, miguu huning'inia, ukingo hubana mapaja na miguu huingia ganzi. Kikipungua sana, magoti hupanda na mgongo hupinda.

Cha pili ni kina cha kikalio. Ukikaa na kuegemea hadi mwisho, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Kikalio kirefu mno hukuvuta mbele, ukaacha egemeo bila kazi.

Cha tatu ni meza. Kaa kwenye kiti hicho, legeza mabega, kunja mikono kama unayeandika, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Meza ya kazi iwe usawa huo au pungufu kidogo.

Kipimo hiki cha tatu huwashangaza wengi. Meza nyingi za chakula zina urefu wa karibu sentimita 75. Chukua mfano wa mtu ambaye kiti chake ni sentimita 42 na kiwiko chake kiko sentimita 22 juu ya kikalio. Meza yake inapaswa kuwa na sentimita 64, yaani 11 chini ya ile ya chakula. Akiandika kwenye meza ya chakula, mabega hupanda kuelekea masikioni na shingo hukaza bila mwenyewe kujua.

Hakuna haja ya kukata miguu ya meza ya familia. Pandisha mkaaji. Weka mto mgumu juu ya kiti mpaka viwiko vifike usawa wa meza, kisha weka kibao au kisanduku imara chini ya miguu ili nyayo zisining'inie. Mwenye nafasi anaweza kumwomba fundi meza ndogo ya kazi peke yake.

Mbao, plastiki au mtumba?

Kiti cha mbao kinadumu, mradi mbao zimekauka. Mbao mbichi hupinda na viungo hulegea, hasa kwenye joto la tambarare. Mninga ni mgumu na ghali. Msonobari ni nafuu, ila unahitaji dawa ya mchwa. Mwambie fundi alaze egemeo nyuma kidogo badala ya kulisimamisha wima, na aviringe ukingo wa mbele wa kikalio.

Mto uwe wa sponji ngumu. Ubonyeze kwa kiganja: ukigusa ubao, hautakubeba. Kwa joto la Kileo, epuka kitambaa cha mfano wa ngozi, maana jasho hunasa na mtu hukosa utulivu. Kitambaa cha pamba kinapitisha hewa. Kikalio cha kamba za mkonge, zao linalolimwa Mwanga na Same, nacho hupitisha hewa, ila kamba zikilegea zikazwe upya.

Kiti cha plastiki si adui. Tatizo lake ni kwamba kikalio huinama nyuma, na mikono yake hugonga meza ikamzuia mtu kusogea. Mto mgumu na taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno hupunguza tatizo.

Anayenunua kiti cha ofisi cha mtumba akikalie kwa dakika kumi palepale. Kikishuka chenyewe, kipandisho kimekwisha. Ahakikishe kina miguu mitano, si minne, na magurudumu hayakwami.

Kompyuta nayo ina mahali pake

Kompyuta mpakato hulazimisha mtu kuchagua kati ya shingo na mikono, kwa kuwa kioo na kibodi vimeungana. Kwa kazi ya muda mrefu, inua kompyuta kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, kisha tumia kibodi na kipanya vya pembeni. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa mbele linaumiza macho, na likiwa nyuma linang'aa kwenye kioo.

Mtoto asisahaulike

Mtoto akikaa kwenye kiti cha baba, kidevu hukaribia meza na miguu hubembea. Baada ya muda hupiga magoti juu ya kiti, na mzazi humwita mtukutu. Mto chini na kisanduku miguuni vinamtosha. Mpime upya kila muhula, kwani anakua.

Fedha ikiwa ndogo, anza na kiti. Meza ifuate, na vingine vingoje.

Simama kila baada ya nusu saa

Hata kiti bora hakikufanyi uwe salama kukaa kutwa. Nyanyuka kila baada ya dakika 30, chota maji, nyoosha mgongo, rudi. Kwa watu wazima, WHO inapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, na kutembea kwa haraka kumo.

Usisubiri kiti ukiona haya

Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache. Lakini wahi kituo cha afya kama maumivu yanashuka hadi chini ya goti pamoja na ganzi au udhaifu wa mguu, yamefuata kuanguka, au yanakuamsha usiku pamoja na homa na kupungua uzito. Kifua kikuu kinaweza kushika uti wa mgongo na kuonekana kama maumivu ya kawaida. Kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ganzi sehemu za siri, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kwa maumivu yanayojirudia bila dalili hizo, omba rufaa ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa wakazi wa Mwanga na Same, huduma hiyo inapatikana katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Nenda na vipimo vya kiti na meza yako vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi. Vitamsaidia mtaalamu kujua mahali pa kuanzia.