Mtu Mzima Ndani ya Kikombe Kinachozunguka

Madaktari wawili wa Marekani, David Wartinger na Marc Mitchell, waliwahi kwenda kwenye bustani ya michezo ya Walt Disney World, Florida, bila mtoto hata mmoja. Walichobeba ni mkoba wa mgongoni, na ndani yake figo ya silikoni iliyotengenezwa kwa printa ya 3D, ikiwa imejazwa mkojo na vijiwe vitatu. Walipanda kitreni cha Big Thunder Mountain Railroad mara 20, mkoba wameukalisha usawa wa pale figo ya mtu inapokaa. Kilichowapeleka huko ni masimulizi ya wagonjwa wa Wartinger. Waliporudi Michigan kutoka mapumzikoni Florida walikuwa wakieleza kwamba vijiwe vyao vimetoka vyenyewe. Mmoja alisema alipanda kitreni hicho mara tatu, na kila aliposhuka kijiwe kimoja kilitoka.

Walianza kwa kuomba ruhusa ofisi ya wageni. Wanaume wawili wazima wanaorudi tena na tena kwenye foleni iliyojaa watoto, mkoba ni uleule, wangemtia wasiwasi mlinzi yeyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kwenye viti vya mbele vijiwe 4 kati ya 24 ndivyo vilivyotoka, na kwenye viti vya nyuma vikatoka 23 kati ya 36. Miaka miwili baadaye walitunukiwa Ig Nobel, tuzo ya tafiti zinazomfanya mtu acheke kwanza, kisha akae kitako afikiri.

Tofauti ya mbele na nyuma ni fizikia tupu. Behewa la kwanza linapofika kileleni mwa mlima wa reli, uzito mwingi wa treni bado unapanda, kwa hiyo linavuka polepole. Zamu ya behewa la mwisho inapofika, mengine yote yameshaanza kuteremka na yanalivuta kwa nguvu. Linavuka kilele kwa kasi, na aliyekaa humo huinuka kidogo kitini kabla ya kushushwa kwa kishindo. Misukosuko hiyo midogo, ya juu, chini na pembeni, ndiyo inayokitikisa kijiwe mpaka kipate njia. Wartinger alieleza kwamba walijaribu vitreni vingine viwili vikali zaidi vya hukohuko na havikufaa kitu, kwani kasi kubwa hukigandamiza kijiwe pale kilipo. Chombo cha familia nzima ndicho kilichofanya kazi.

Nimeanza na figo ili iwe wazi kwamba mwili wa mtu mzima hauendi kwenye bustani ya watoto kama mtazamaji. Vyombo vile vinaufanyia kazi, na mara nyingi kwa namna tofauti na vinavyoufanyia mwili wa mtoto. Wengi wetu hatujui hilo kwa sababu tulipofika huko tulikuwa tumeshika mikono ya watoto, na macho yetu yote yalikuwa kwao.

Chukua vikombe vya chai vinavyozunguka na watu ndani. Pale Disneyland ya Anaheim, California, vimekuwepo tangu bustani ilipofunguliwa Julai 1955. Vipo 18. Chini yake kuna sahani kubwa inayozunguka. Juu ya sahani hiyo kuna sahani tatu ndogo, kila moja inazunguka na vikombe vyake sita, na kila kikombe nacho kinazunguka kivyake kwa nguvu ya waliokaa ndani, wakisokota gurudumu la chuma lililo katikati. Mizunguko mitatu kwa mpigo. Mtoto wa miaka minane hulikamata gurudumu lile na kulisokota mpaka mabega yanauma. Mtu mzima naye husokota kwa bidii, kisha ghafla huliachia, uso unampauka, jasho jembamba linamtoka juu ya mdomo.

Kilichotokea kimetokea ndani ya sikio. Sikio la ndani lina mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, yote imejaa majimaji. Kichwa kikianza kuzunguka, mfereji unazunguka nacho lakini majimaji yanachelewa. Kule kuchelewa kunasukuma utando laini wenye seli za vinyweleo, nazo zinapeleka habari kwenye ubongo: tunazunguka. Mzunguko ukiendelea kwa mwendo uleule kwa nusu dakika hivi, majimaji huufikia mwendo wa mfereji, utando unarudi wima, na sikio linatangaza kwamba tumesimama, hali macho yanaona dunia inapita mbio. Kikombe kikisimama kweli, majimaji bado yanakwenda. Sasa sikio linasema tunazunguka kinyume, macho yanachezacheza kuifuata habari hiyo ya uongo, na aliyeteremka anatafuta uzio wa kuushika. Daktari Róbert Bárány, aliyezaliwa Vienna, alipata Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya kiungo hiki.

Jambo la kushangaza ni kwamba utafiti kuhusu kichefuchefu cha safari hauwapendelei watoto. Walio chini ya miaka miwili huathirika kwa nadra, kisha hali hupanda hadi kilele karibu na umri wa miaka tisa au kumi, halafu hupungua kadiri mtu anavyokua. Kwa hesabu hiyo mtu mzima ndiye angepaswa kustahimili kikombe. Lakini mtoto ana kitu ambacho sisi tumekiacha, nacho ni mazoezi. Anajizungusha uwanjani, anabiringika, anapinda kamba za pembea na kuziachia zijifungue, siku baada ya siku. Mwaka 2013 watafiti wa Imperial College, London, waliwapima wachezaji 29 wa baleti dhidi ya wapiga makasia 20, wote wanawake. Baada ya kuzungushwa gizani, wachezaji dansi hisia za kuzunguka ziliwaisha mapema zaidi, na picha za ubongo zilionyesha tofauti kwenye sehemu ya serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma) inayopokea habari za sikio. Ubongo hujifunza kuipuuza ile habari ya uongo, na usipozoezwa hausikii amri. Ongeza na umri, maana seli zile za vinyweleo zikifa kwa binadamu karibu hazioti upya, na vijiwe vidogo vya chokaa vinavyotuonyesha upi ni juu na upi ni chini huchakaa.

Kwa hiyo, ukipanda kikombe, tuliza kichwa. Kosa kubwa ni kuinama katikati ya mzunguko, labda kuokota simu iliyoanguka. Kichwa kikiinama huku mwili unazunguka, mfereji mmoja unaingia kwenye mzunguko na mwingine unatoka, na ubongo unapata hisia ya kupinduka upande ambao hakuna kilichopinduka. Hapo ndipo tumbo hukataa.

Lipo pia suala la ukubwa wa vitu, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Jumba la kifalme la Disneyland lina urefu wa mita 23 tu, karibu na ghorofa saba. Linaonekana refu zaidi kwa sababu mawe yake ya chini ni makubwa na ya juu yanazidi kuwa madogo, na jicho hulitafsiri punguzo hilo kama umbali. Huo ni ujanja wa wajenzi. Lakini mwili wenyewe nao ni rula. Mwaka 2011 Björn van der Hoort, Arvid Guterstam na Henrik Ehrsson wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walimlaza mtu, wakamvisha miwani yenye skrini iliyomwonyesha miguu ya mwanasesere mahali pa miguu yake, kisha wakaigusa miguu ya mwanasesere na ya mtu huyo kwa wakati mmoja. Baada ya muda mtu aliuhisi ule mwili kuwa ni wake. Akipewa mwili wa sentimita 80 au 30, vitu vilivyomzunguka viliongezeka ukubwa na kusogea mbali. Akipewa mwili wa mita nne, vilipungua na kusogea karibu.

Miaka miwili baadaye, Barcelona, Domna Banakou, Raphaela Groten na Mel Slater waliwaingiza watu wazima kwenye mwili wa mtoto wa miaka minne ndani ya ulimwengu wa kompyuta. Wengine walipewa mwili wa mtu mzima uliopunguzwa ukafikia kimo kilekile cha mtoto. Makundi yote mawili yalikadiria vitu kuwa vikubwa kuliko vilivyo, ila waliovaa umbo la mtoto walizidisha sana. Na walipopewa jaribio la haraka la kujihusisha na sifa mbalimbali, walizikimbilia za kitoto. Ufupi peke yake haukutosha kuleta hayo. Umbo lilileta kumbukumbu ya namna ya kuutazama ulimwengu, nayo ilikuwa haijaondoka kwa watu hao wote wenye miaka yao.

Ukiwa Billund, Denmark, kwenye LEGOLAND iliyofunguliwa mwaka 1968, unaweza kuona upande wa pili wa jambo hili. Pale Miniland nyumba na bandari zimejengwa kwa vitofali, moja kwa ishirini ya ukubwa wa kweli. Mtu mzima akisimama ni jitu. Akipiga magoti, uso ukalingana na madirisha, mtaa unamfungukia. Lakini mzazi anayemfukuzia mtoto asikanyage reli hapati nafasi ya kupiga magoti.

Ndiyo maana namtetea mtu mzima anayekwenda peke yake au na wenzake. Walt Disney alisimulia kwamba wazo la bustani lilimjia akiwa kwenye benchi la Griffith Park, Los Angeles, akitafuna karanga huku binti zake wakizunguka kwenye farasi wa mbao. Alitaka mahali ambapo mzazi naye atapanda. Bado wazazi wengi huishia kwenye benchi lile, wamekumbatia mikoba na chupa za maji, wakihesabu vichwa. Na kucheza si tabia inayokoma mwili unapokomaa, kwani hata bonobo, jamaa wa sokwe, wakiwa wazima huchezeana wenyewe kwa wenyewe.

Pingamizi moja lina haki, nalo ni la usalama wa watoto. Kwenye vituo vya ndani vya LEGOLAND Discovery, mtu mzima asiye na mtoto kwa kawaida haingii, na naona ni sawa, kwa vile mzazi anastahili kumwachia mtoto akimbie bila hofu ya mgeni. Vituo hivyo huwatengea watu wazima jioni zao, milango ikiwa imefungwa kwa watoto. Natamani bustani zetu za Dar es Salaam na Nairobi zifanye hivyo, ila kazi ianzie kwa fundi. Pembea iliyojengwa kubeba kilo 40 haimfai mtu wa kilo 80, na kwa kuwa nguvu kwenye minyororo huongezeka pembea inapopita chini kwa kasi, kipimo cha uzito wa mtu aliyekaa tuli hakitoshi. Minyororo, vyuma vya kuning'inizia na misingi ya nguzo vipimwe upya kwa mzigo wa pembea iliyo kwenye mwendo wake mkubwa, kisha tikiti ziuzwe.