Kamba ya pampu ikija nyepesi, usikimbilie hedi

Wakulima wengi wanaonyunyizia mboga kando ya mito na mabwawa katika kaunti yetu hutumia pampu ndogo za petroli za nguvu za farasi 5.5 hadi 6.5. Injini hizo, ziwe za Honda zenyewe au zilizoigwa, nyingi zina muundo wa Honda GX160. Ndiyo maana tatizo moja hujirudia kutoka shamba hadi shamba, hasa pampu inapotolewa stoo baada ya mvua.

Dalili yake ni hii: unavuta kamba ya kuwasha na inakuja nyepesi, kama injini haina kitu ndani. Fundi mwenye haraka husema gasketi ya hedi imeungua, kisha anachukua spana. Mara nyingi gasketi haina kosa. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha utomvu unaoshika shina la vali. Vali ikikwama, kile kijiti cha chuma kinachosukuma roka hupinda au huchomoka mahali pake. Na vali iliyokwama ikiwa wazi haiwezi kuzuia hewa.

Katika injini hizi, roka hazishikwi na bolti za hedi. Hedi ina bolti zake nne kubwa na roka zina nati zake. Unaweza kutoa roka, vijiti na hata springi bila kugusa gasketi. Ukilegeza zile bolti nne, gasketi iliyokuwa nzima haitaaminika tena. Itabidi ununue mpya, na bolti zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, hatua kwa hatua. Kwa mtu mwenye miche ya nyanya juani, kazi ya saa moja inageuka kuwa siku kadhaa za kutafuta spea mjini.

Acha injini ipoe kabisa. Funga petroli, chomoa waya wa plagi, kisha utoe plagi. Pangusa vumbi lote kuzunguka kifuniko cha vali kabla hujafungua bolti zake nne kwa spana namba 10, kwa sababu mchanga ukiingia humo utakula injini polepole. Oili kidogo itadondoka. Hilo ni la kawaida.

Sasa vuta kamba taratibu mpaka pistoni ifike juu na roka zote mbili ziwe na mchezo kidogo ukizitikisa kwa kidole. Hapo vali zote zinapaswa kuwa zimefungwa. Ikiwa moja imebaki imezama, hiyo ndiyo iliyokwama. Legeza nati ya kufungia, kisha ile inayoshika roka. Toa roka na uvute kijiti. Weka vitu vya upande wa kabureta mbali na vya upande wa ekzosi, maana kila kimoja kinafaa kurudi kilikotoka. Viringisha kijiti juu ya kioo: kikiyumba, kimepinda. Usikinyooshe kwa nyundo, nunua kingine.

Jihadhari hapa. Juu ya shina la vali ya ekzosi hukaa kikofia kidogo cha chuma, si kikubwa kuliko kifungo cha shati. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukitafuta kwenye nyasi jioni nzima, na kwa bahati kilikuwa kwenye nyasi. Kingeingia kwenye tundu la kijiti, kingefika kwenye oili chini, na injini yote ingefunguliwa. Ziba matundu hayo kwa kitambaa kabla ya kutoa chochote.

Vali iliyonata huhitaji kusafishwa shina lake kwa dawa ya kusafishia kabureta. Ikilazimu kutoa springi, vali isije ikadondokea ndani ya silinda. Shusha pistoni kidogo, ingiza kamba safi ya nailoni kupitia tundu la plagi, acha ncha yake nje, kisha rudisha pistoni juu taratibu mpaka ibane kamba dhidi ya vali. Vali itashikiliwa kutoka chini. Vaa miwani, springi ikiruka hailengi.

Unaporudisha, hakikisha ncha ya chini ya kijiti imekaa ndani ya kibakuli chake. Ikikaa pembeni, kijiti kipya kitapinda mara ya kwanza utakapovuta kamba. Pima nafasi kwa fila geji injini ikiwa baridi: milimita 0.15 upande wa hewa na 0.20 upande wa ekzosi. Zungusha injini mara kadhaa bila plagi, upime tena.

Wenye magari ya zamani wasichukue maelezo haya kama yalivyo. Kwenye injini za Austin Mini na Morris Minor za aina ya A, baadhi ya nati zinazoshika shafti ya roka ndizo zinazoshika hedi pia. Ukizifungua, umeshaigusa gasketi.

Kabla ya kuweka pampu stoo msimu ujao, mwaga petroli ya tangi na ya bakuli la kabureta. Asiye na fila geji aulize kwa afisa wa kilimo wa wadi yake ni fundi gani wa karibu anayo.